Kabla ya Kupiga Windo, Uliza Inazima Saa Ngapi

Wanachuo wenzangu, kuna sentensi moja ambayo kila mwenye kompyuta hapa chuoni ameshaisikia: "Hii inabidi tupige windo upya." Unaambiwa hivyo mashine ikiwa nzito, unaambiwa hivyo ikijizima, na unaambiwa hivyo hata ikiunguruma kama mashine ya kusaga. Mimi nimeilipia sentensi hiyo mara mbili ndani ya wiki tatu, shilingi 20,000 kila mara, na ugonjwa ukabaki palepale. Ya pili ilinichukulia na sura ya nne ya ripoti yangu ya utafiti. Naandika makala hii nikiwa bado na uchungu, lakini pia nikiwa na kitu cha kuwaambia.

Mashine yenyewe ni kompyuta ndogo ya mezani, ile aina inayolingana na kamusi nene, adapta yake ikiwa nje kama ya laptop. Niliinunua mtumba Kariakoo kwa pesa ya bumu la mwaka wa pili. Niliichagua badala ya laptop kwa hesabu mbili. Kwanza, kwa pesa ileile napata prosesa yenye nguvu zaidi. Pili, na hii mtanielewa, hakuna mtu anayekuja kukuomba kompyuta ya mezani "naenda nayo lekcha dakika kumi tu".

Mwaka mzima ilinitumikia bila neno. Februari ya mwaka wa tatu ikaanza vituko. Niko katikati ya kuchakata data, skrini inakuwa nyeusi. Siyo kwamba inaganda au inatoa ujumbe wowote. Inazima tu, puu, kama taa. Naibonyeza inawaka, baada ya dakika mbili inazima tena.

Nikampelekea fundi. Akaitazama, akaiwasha, ikakaa dakika kumi bila tatizo, akasema virusi. Akapiga windo. Siku tatu baadaye yakarudi yaleyale. Nikarudi kwake. Safari hii akasema lile windo la kwanza "halikukaa vizuri", akapiga jingine, na katika kulipiga akaifuta diski yote. Sura ya nne ilikuwa humo, kwenye skrini ya mbele kabisa, faili linaitwa "SURA YA NNE MPYA YA MWISHO". Nakala nyingine sikuwa nayo. Kosa hilo ni langu na silikatai. Nilipomrudia mara ya tatu akasema basi ni RAM imechoka, nikanunua nyingine kwa 35,000. Jumla 75,000, na kompyuta inazima vilevile.

Swali la mzee wa maabara

Aliyeniokoa ni mzee mmoja anayesimamia maabara ya kompyuta kwenye kitivo chetu. Nilimfuata siku moja baada ya kipindi, nimekata tamaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Vipi, mbona uso umekukunjamana?"

"Kompyuta yangu inajizima, mzee. Nimeshapiga windo mara mbili, nimebadili RAM, bado."

Nilitegemea aseme "ilete niione". Hakusema hivyo. Aliuliza, "Inazima saa ngapi?"

Nikamwambia inazima tu, muda wowote.

"Hakuna kinachozima muda wowote, mwanangu. Nenda kaandike wiki moja. Siku, saa, ulikuwa unafanya nini, na baada ya kuzima iliwaka vipi. Halafu njoo."

Kusema kweli nilitoka pale nimekasirika. Nimekuja na ugonjwa, napewa homuweki. Lakini sikuwa na pesa ya kwenda kwingine, kwa hiyo nikachukua daftari nikaanza kuandika.

Baada ya siku saba nilikuwa na matukio tisa. Sita kati ya hayo yalitokea kati ya saa saba mchana na saa kumi alasiri, na yote sita nilikuwa nachakata data au kuna video inacheza huku madirisha kumi yako wazi. Kabla ya kuzima, mashine ilikuwa inakuwa nzito kwa dakika kadhaa na feni inapiga kelele. Na ikishazima, ukiiwasha haraka inazima tena; ukiiacha nusu saa inakaa.

Matukio matatu yaliyobaki yalikuwa usiku, kati ya saa moja na saa tatu. Hayo hayakufanana na yale sita hata kidogo. Mara moja nilikuwa naandika barua tu, hakuna kazi nzito. Feni imetulia. Mashine inazima ghafla bila dalili, na ukiiwasha papo hapo inakaa mpaka asubuhi.

Nilipompelekea mzee lile daftari, alilitazama kama dakika moja akanirudishia. "Una magonjwa mawili," akasema. "Na hakuna hata moja ambalo ni windo."

Ugonjwa wa mchana

Wengi wetu tunadhani kompyuta ikijizima ndiyo imeharibika. Mara nyingi ni kinyume chake: imejizima ili isiharibike. Ndani ya prosesa kuna vipima joto. Prosesa nyingi za Intel za kompyuta za mezani zimewekewa kikomo cha nyuzi 100 hivi za Selsiasi. Zikikaribia hapo, kwanza zinapunguza kasi zenyewe ili zitoe joto kidogo, ndiyo maana mashine inakuwa nzito kabla ya kuzima. Joto likiendelea kupanda licha ya hapo, zinakata umeme. Ni mlinzi anayefunga geti. Sisi tunampiga mlinzi kwa kumpigia windo jipya.

Sasa, kwa nini hizi ndogo ndizo zinazoteseka? Kwa sababu kila kitu ndani yake kimebanwa. Kompyuta kubwa ya mnara ina nafasi ya hewa, feni zaidi ya moja na bati pana la kupoza. Hii ndogo ina feni moja yenye upana wa kiganja na bati dogo lenye mapezi membamba yaliyosongamana. Pezi mbili zikizibwa na vumbi, tayari umeipunguzia pumzi.

Halafu kuna suala la mahali. Mashine nyingi za aina hii tunazonunua mtumba zilianza maisha yake maofisini, kwenye vyumba vyenye kiyoyozi. Feni haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Kwa kazi ileile na feni ileile, ukitoka kwenye chumba cha nyuzi 22 ukaingia chumba cha nyuzi 33, prosesa nayo inapanda karibu nyuzi 11 zilezile. Chumba chetu cha hosteli mwezi wa Februari, ghorofa ya juu, watu wanne, dirisha moja: hizo 33 tunazo bila kuombwa. Mashine iliyokuwa ikiishi na 85 ofisini, kwetu inafika 96. Ongeza vumbi hapo uone.

Na mimi nilikuwa nimeongeza zaidi ya vumbi. Kompyuta nilikuwa nimeichomeka kwenye uwazi kati ya ukuta na kabati, na juu nimeifunika khanga aliyonipa mama, eti isiingie vumbi. Naona wengine mnacheka, lakini nimepita kwenye vyumba vyenu. Najua vitambaa mlivyonavyo.

Mzee aliniambia jambo jingine ambalo naliona la maana kuliko bisibisi: badili kitu kimoja kwa wakati, na upime kabla na baada. Nikashusha HWiNFO, programu ya bure inayoonyesha joto la prosesa; wanaotumia Linux wana amri ya sensors. Kabla ya kugusa chochote, mashine ikiwa imetulia ilisoma nyuzi 71. Nilipoipa kazi ya data, ndani ya dakika sita ilikuwa 100 na kasi inashuka.

Hatua ya kwanza haikugharimu hata shilingi. Nilitoa khanga, nikaiweka mezani, nafasi ya kiganja kila upande. Ikitulia ikawa 63. Kwenye kazi nzito bado ilifika 98, ila sasa kwa dakika ishirini, siyo sita.

Hatua ya pili, vumbi. Nilichomoa adapta, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, nikashika sehemu ya chuma isiyo na rangi ili mwili wangu usipeleke umeme tuli kwenye bodi. Kifuniko kinafunguka kwa skrubu moja. Nilichokiona kati ya feni na yale mapezi hakikuwa vumbi tena, kilikuwa kama kipande cha blanketi la kijivu. Nikakitoa kwa brashi laini, kisha nikaenda nje na blowa. Hapa kuna kosa ambalo wengi tunalifanya: ukipuliza, shikilia feni kwa kidole isizunguke. Ikizungushwa kwa kasi na upepo wa blowa, beringi zake zinaweza kuumia, na feni inayozungushwa kwa nguvu inazalisha umeme unaorudi kwenye bodi. Baada ya usafi: 52 ikitulia, 86 kwenye kazi.

Hatua ya tatu, pesti. Kati ya prosesa na bati la kupoza kuna pesti maalumu inayojaza vishimo vidogo ili joto lipite. Yangu ilikuwa imekauka, inapukutika kama chokaa. Nikaifuta kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, nikaweka mpya kiasi cha punje kubwa ya mchele, nikafunga skrubu kwa kupokezana kona kwa kona ili bati likae sawa. Tafadhali msiweke dawa ya meno. Nimesikia ushauri huo kwenye korido zetu. Inafanya kazi siku chache ikiwa mbichi, kisha inakauka, na unarudi pabaya zaidi. Baada ya pesti: 46 ikitulia, 78 kwenye kazi, saa nane mchana, Februari, kasi haishuki.

Ona sasa: kama ningefanya yote matatu kwa pamoja, nisingejua kwamba sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa vumbi, na pesti ilimalizia tu. Mwakani nitajua nianze wapi.

Ugonjwa wa usiku

Mchana ukapona kabisa. Lakini Alhamisi iliyofuata, saa mbili kasoro usiku, ikazima tena.

Bila daftari ningechanganyikiwa. Ningesema usafi haukusaidia, ningerudi kwa fundi, na pengine ningeuziwa bodi mpya. Lakini nilijua kuna ugonjwa wa pili, na nilijua saa zake. Nikajiuliza, saa moja mpaka saa tatu usiku chumbani kwetu kunakuwa na nini? Jibu lilikuwa linanukia: pasi. Watu wanne tunatumia ekstensheni moja, na huo ndio muda wa kunyoosha nguo za kesho na kuchemsha maji kwa birika lile ambalo, kwa mujibu wa sheria za hosteli, hatuna.

Nikaichunguza ekstensheni. Soketi ya pili ilikuwa imelegea na plastiki yake imebadilika rangi kuwa kahawia. Mwenzangu akichomeka pasi, soketi zinatikisika, umeme unakatika kwa kufumba na kufumbua, na kompyuta haina betri ya kuivusha hapo kama laptop. Siyo suala la umeme kuwa mdogo: adapta yangu imeandikwa inapokea volti 100 mpaka 240. Ni umeme kukatika kabisa kwa nukta moja. Nikahamishia kompyuta kwenye soketi ya ukutani, na ile ekstensheni tukaitupa, maana ingeweza kutuunguza wote tukiwa tumelala. Tangu hapo haijazima.

Kwa wanaopenda kuchimba: Windows yenyewe ina kumbukumbu ya matukio, na kila ilipozima ghafla iliandika Kernel-Power 41. Mtandaoni utakuta watu wanaliogopa neno hilo kama jini. Maana yake ni kwamba mashine iliwaka tena bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Haisemi kwa nini. Matukio ya mchana na ya usiku yote yalikuwa na 41 ileile. Kilichoyatenganisha ni daftari la shilingi mia tano.

Je, kupiga windo hakuna kazi? Kuna. Mfumo ukivurugika, virusi vikiingia kweli, au sasisho likiharibu faili, windo jipya ni dawa. Skrini ya bluu ikijirudia, hapo inafaa kupima RAM kwa MemTest86 usiku kucha, na kusoma taarifa ya afya ya diski, kabla ya kununua chochote. Ninachopinga ni dawa moja kwa kila homa, tena dawa inayoanza kwa kufuta kazi ya mgonjwa.

Tusiwatupie mafundi lawama zote

Nilipoanza kuandika nilitaka kumsema fundi wangu. Nimebadilisha mawazo. Fikiria mimi nilifikaje pale: nimeharakisha, nimesimama mlangoni, "Fundi, fanya fasta, nina kipindi saa nane." Angeniambia, "Dada, niachie siku mbili niipime ikiwa kwenye joto, ni 10,000 ya kupima tu," ningemwona tapeli. Na angeniambia ni vumbi, nimlipe 20,000 kwa vumbi, ningegomba. Lakini windo nililipa bila kubisha, kwa sababu linaonekana: rangi mpya, kila kitu kimejipanga. Sisi wateja tunalipia kinachoonekana, na fundi anauza kinacholipiwa. Kazi ya kutafuta chanzo, ambayo ndiyo kazi yenyewe, hatutaki kuilipa hata senti.

Na tuseme ukweli, tabia hiyo hatuiachi kwenye kompyuta. Mtu anapata sapu, anabadili desa, anabadili kikundi cha kujisomea, hajawahi kukaa na karatasi yake akaona maswali gani yalimwangusha. Tunasomea vyuo ambako kila kozi ina neno "mbinu za utafiti", halafu kitu kikituharibikia chumbani tunasahau kwamba utafiti unaanza kwa kuangalia na kuandika.

Kwa hiyo nina ombi kwa serikali yetu ya wanafunzi, na naliomba nikijua bajeti ya fulana za wiki ya utambulisho inakaribia kupitishwa. Tuwekeeni meza moja ya matengenezo kila hosteli. Naongelea seti ya bisibisi, blowa, brashi, mirija ya pesti, spiriti, kipima umeme, flashi mbili zenye MemTest86 na Linux, na karatasi moja ukutani yenye maswali manne ya yule mzee. Wenzetu wa uhandisi na sayansi ya kompyuta wakae pale jioni mbili kwa wiki, na ikiwezekana idara ziwahesabie kama mazoezi.

Najua swali litakalokuja kwenye kikao: kompyuta ya mtu ikiharibikia pale, nani atawajibika? Jibu langu ni kwamba mwenye mashine anaifungua mwenyewe, kwa mikono yake, na wa uhandisi anamwelekeza. Hilo pia ndilo litakalomfanya aondoke amejifunza. Na atakayetaka kwenda kwa fundi aende, ila aende akijua anachokwenda kuomba.

Sura ya nne niliiandika upya kwa siku kumi na moja. Msimamizi wangu alisema ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza. Sijui, ya kwanza hakuwahi kuiona. Sasa naihifadhi sehemu tatu: kwenye mashine, kwenye flashi, na kwenye barua pepe yangu mwenyewe kila Jumapili usiku. Khanga ya mama nimeirudishia kazi yake. Na daftari bado liko pembeni ya kibodi, ingawa ukurasa wa mwisho una tarehe ya Machi na mstari mmoja tu: "Leo haikuzima."

Yako ikizima wiki hii, usikimbilie kufungua pochi. Kwanza tazama saa, uandike.